Fahali Wawili, Lori Moja

Nina rafiki ambaye kwa miaka mingi hatujawahi kukubaliana juu ya swali moja, nalo ni kama Led Zeppelin ilikuwa bendi bora kuliko Deep Purple. Yeye ni wa Zeppelin tangu utotoni, nami niliingia katika roki nzito kupitia ogani ya Jon Lord wa Deep Purple na sijatoka humo hadi leo. Mabishano yetu yana utaratibu wake usiobadilika: yeye huanza na mauzo, mimi hujibu kwa jukwaa, yeye humtaja mpiga ngoma wao John Bonham, mimi humtaja wetu, Ian Paice, kisha mmoja wetu hukasirika na mwingine hucheka. Wiki iliyopita tulilirudia swali hilohilo, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo la kusema ambalo halikuwa ushabiki mtupu.

Jambo hilo linahusu lori.

Rolling Stones walikuwa na lori lililogeuzwa studio ya kurekodia, ambalo walilikodisha pia kwa wanamuziki wengine. Mwanzoni mwa mwaka 1971 lori hilo liliegeshwa nje ya Headley Grange, jumba kuukuu la mashambani huko Hampshire, Uingereza, ambako Zeppelin walikuwa wakitengeneza albamu yao ya nne. Desemba ya mwaka huohuo lori lilelile lilikuwa Montreux, Uswisi, likihudumia Deep Purple waliokwenda huko kurekodi Machine Head. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, ila kwa zamu, na kila mmoja alitoka na albamu ambayo mashabiki wake huitanguliza wanapotaka kumaliza ubishi. Bendi zote mbili zilikuwa za Kiingereza, zote zilizaliwa mwaka 1968, na mwaka 1971 zilirekodi kwa mitambo ileile. Tofauti tunayoisikia kati ya albamu hizo mbili, basi, haiwezi kusingiziwa vifaa.

Tuanze na Headley Grange. Ngoma za Bonham katika "When the Levee Breaks" ziliwekwa chini, kwenye ukumbi wa ngazi, na fundi sauti Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu kabisa, mbali na ngoma zenyewe. Mtu anayesogeza maikrofoni karibu na ngoma hupata ngoma. Anayeiweka mbali hupata ngoma pamoja na kuta, dari na hewa iliyo katikati. Ndiyo maana mapigo yale yana uzito kama wa mlango mkubwa unaofungwa ndani ya nyumba isiyo na watu. Bonham alipiga kwa nguvu, hilo halina shaka, lakini uzito ule ulihitaji pia sikio la mtu aliyejua chumba kinaweza kufanya nini. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Zeppelin na mtayarishaji wa albamu zote za bendi hiyo, alikuwa amefanya kazi kwa miaka kadhaa akiwa mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za London kabla ya kujiunga na bendi ya Yardbirds, na John Paul Jones, mpiga besi wa Zeppelin, alikuwa ametokea katika kazi hiyohiyo. Watu hao wawili waliijua studio kama seremala anavyoijua karakana yake.

Sasa twende Montreux. Deep Purple walikusudia kurekodi ndani ya kasino ya mji huo, lakini tarehe 4 Desemba 1971, mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa akiwa jukwaani, mtu mmoja katika hadhira alifyatua fataki ya ishara kuelekea darini na jengo lote likateketea. Habari hiyo kila shabiki anaijua, kwa kuwa ndiyo iliyozaa "Smoke on the Water" na ile rifu yake, yaani kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ambayo kila anayejifunza gitaa huwaudhi nayo majirani. Waliposikiliza ushauri wa kuhamia ukumbi wa maonyesho uliokuwa mjini, kelele zao ziliwaleta polisi mlangoni. Mwishowe waliishia kwenye Grand Hotel, hoteli iliyokuwa tupu kwa sababu ya majira ya baridi, wakaziba njia za ndani kwa magodoro na kuzitandaza nyaya hadi kwenye lori lililokuwa nje.

Kisha kuna jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulitilia maanani. Njia ya kutoka walipokuwa wakipiga hadi kwenye lori ilikuwa ya mzunguko mno, ikipita vyumbani na kwenye baraza, hata wanamuziki wakachoka kuifuata kila walipotaka kusikia walichorekodi. Wakaacha kwenda. Walipiga wimbo mpaka wao wenyewe, pale walipokaa, wakaridhika kwamba umekaa sawa, kisha wakaendelea na mwingine.

Nilimsomea rafiki yangu habari hizo mbili moja baada ya nyingine, na sote tukanyamaza kidogo. Upande mmoja kuna watu wanaotundika maikrofoni juu ya ngazi ili wasikie ngoma kwa namna ambayo hakuna mtu aliyekaa kando ya mpigaji angeweza kuisikia. Upande wa pili kuna watu ambao hata kwenda kusikiliza wanaona uvivu, kwa kuwa wanaziamini ala mikononi mwao. Kwa muda wote huo yeye amekuwa akisifia sauti, nami nimekuwa nikisifia upigaji, na kila mmoja akimshangaa mwenzake kwa uziwi wake.

Hoja zetu nyingine nyingi hazina uzito, na nazipitia kwa haraka. Mauzo ni ushindi wa Zeppelin, tena wa mbali, kwani albamu yao ya nne imeuza zaidi ya nakala milioni 20 Marekani peke yake; lakini idadi ya wanunuzi haijawahi kumfanya mtu asikie kitu asichokisikia. Jumba la heshima la roki la Marekani liliwaingiza Zeppelin mwaka 1995 na Deep Purple mwaka 2016, dhuluma ambayo sisi wa upande huu tumeilalamikia vya kutosha. Kuhusu wizi wa nyimbo, ni kweli kwamba Willie Dixon, mtunzi wa nyimbo za bluzi, aliwashtaki Zeppelin kwa sababu ya "Whole Lotta Love" na wakamalizana naye mwaka 1987, nami niliitumia hoja hiyo kama rungu hadi rafiki yangu aliponiwekea "Bombay Calling" ya bendi ya It's a Beautiful Day, iliyotoka mwaka 1969, na nikausikia ndani yake mwanzo wa "Child in Time" ya Deep Purple ukinitazama usoni. Tangu siku hiyo nimelitua rungu.

Wapiga ngoma wanastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo mashabiki wanapokoseana adabu. Watu humchukulia Bonham kuwa nguvu na Paice kuwa kasi, kana kwamba tunalinganisha nyundo na cherehani. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba Bonham alikuwa mtu wa kuchelewa: pigo lake huja kwa uzembe wa makusudi, nyuma kidogo ya pale sikio linapolitarajia, na rifu ya gitaa hulazimika kumsubiri. Katika "Kashmir", iliyotoka mwaka 1975, yeye anashikilia mapigo manne huku gitaa na vinanda vikizunguka kwa matatu, na ni ukaidi wake wa kutohama ndio unaoufanya wimbo utembee kama msafara. Paice, anayepiga kwa mkono wa kushoto, yuko mbele. Anausukuma wimbo, na hata katikati ya kelele zote za wenzake bado kuna wepesi unaotoka kwenye jazi ya bendi kubwa. Ningempa Bonham wimbo wa polepole na Paice wimbo wa mbio bila kusita, na kwa kuwa Deep Purple walipenda mbio, kila bendi ilimpata mtu wake.

Lipo kosa langu moja ambalo lazima nilikiri, linalohusu jukwaa. Kwa muda mrefu silaha yangu kubwa ilikuwa Made in Japan, albamu ya Deep Purple iliyorekodiwa Osaka na Tokyo mnamo Agosti 1972 na kutoka Desemba ya mwaka huo. Bado naamini kwamba roki nzito haijatoa rekodi ya jukwaani inayoizidi. Gitaa la Ritchie Blackmore na ogani ya Lord, ambayo aliipitisha kwenye vikuza sauti vya gitaa mpaka ikanguruma, vinajibizana humo kama mahasimu wawili wa malumbano, na mwimbaji Ian Gillan anapopanda katika "Child in Time" unapata wasiwasi juu ya afya yake. Dhidi ya albamu hiyo niliweka ile ya Zeppelin iliyotoka pamoja na filamu yao mwaka 1976, iliyorekodiwa Madison Square Garden mwaka 1973 bendi ikiwa imechoka kwa safari, nikahitimisha kwamba Zeppelin hawakujua jukwaa.

Halafu ikatoka, mwaka 2003, rekodi ya maonyesho yao mawili ya California ya Juni 1972, miezi miwili tu kabla ya Deep Purple kupanda jukwaani Osaka. Mimi nilikataa kuisikiliza kwa miaka kadhaa, na huo ulikuwa woga tu. Nilipoisikiliza nilikuta bendi yenye njaa, inayonyoosha wimbo mmoja hadi dakika 20 na zaidi bila kupotea. Page, kwa tabia yake ya fundi, alichagua na kuunganisha vipande vya usiku ule wa kwanza na wa pili, kwa hiyo hata jukwaani mkono wa studio upo. Lakini siwezi tena kusema kwamba hawakuweza. Ninachoweza kusema ni kwamba Deep Purple waliiweka wazi nguvu yao mwaka uleule, wakati Zeppelin waliifungia kabatini kwa miaka 31, na mashabiki tukabishana muda wote huo ushahidi ukiwa nusu.

Hukumu yangu, kwa kuwa rafiki yangu hakunipa nafasi ya kuikwepa, ni hii: kati ya mwaka 1970 na 1972 kikosi cha Gillan, Blackmore, Lord, Paice na mpiga besi Roger Glover kilikuwa bendi bora ya kusikiliza ikipiga, na ukichukua kazi yote kwa ujumla, Zeppelin wana nyimbo nyingi zaidi ambazo sijazichoka. Aliandika sentensi hiyo kwenye simu yake na kunitaka niiseme tena.

Kisha akaleta hoja yake ya mwisho, ambayo huihifadhi kama karata ya turufu. Bonham alipofariki Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 32, wenzake walitangaza mwezi Desemba kwamba hawawezi kuendelea bila yeye. Deep Purple, aliniambia, wamebadilisha waimbaji, wapiga gitaa na wapiga besi kama mtu anayebadilisha mashati, na Paice ndiye pekee aliyekuwamo katika vikosi vyote. Nilimkumbusha kwamba mwimbaji David Coverdale, mmoja wa mashati hayo, ndiye Page alimchagua kutengeneza naye albamu mwaka 1993. Hakutikisika. Akaniuliza: kama Paice ndiye angefariki mwaka ule wa 1980, Deep Purple wangefanya nini?

Swali lilikuwa na mtego, kwa sababu mwaka 1980 Deep Purple haikuwapo. Ilikuwa imevunjika mwaka 1976 na haikurudi hadi 1984. Kilichokuwapo ni mwimbaji wao wa kwanza, Rod Evans, aliyezunguka kwa jina hilo akiwa na wanamuziki ambao hawakuwahi kuwa wa bendi hiyo, mpaka mahakama ikaamuru fidia ya dola 672,000. Mwaka ambao Zeppelin walilizika jina lao kwa heshima, jina la bendi yangu lilikuwa kizimbani. Nilimweleza hayo mwenyewe, kwa kuwa nilijua asingeyapata kwingine, na alicheka mpaka akashika mbavu.