Kaskazi Ikiingia: Joto la Darasani, la Kazini na la Chumbani

Mwanzoni mwa Machi, inapokaribia saa sita na nusu mchana, kivuli cha nguzo ya bendera katika uwanja wa shule ninayofundisha hujikunja chini ya nguzo yenyewe hadi kisionekane. Huwa ninawatoa nje wanafunzi wangu wa darasa la sita kwa dakika chache ili wakishuhudie kioja hicho, kwa sababu hakuna ramani inayoweza kuwaeleza vizuri zaidi kwamba Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwamba jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kila mwaka, mwezi Oktoba likielekea kusini na mwezi Machi likirejea kaskazini. Kisha tunarudi darasani, na hapo ndipo somo linapokuwa gumu, kwa kuwa chini ya bati lisilo na dari, ndani ya chumba chenye watoto zaidi ya 80, joto ni kali kuliko lile la uwanjani tulikotoka.

Kwa miaka mingi niliichukulia miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, kuwa ni kipindi cha kuvumilia tu mpaka masika yatuokoe. Februari iliyopita ilinibadilisha mawazo. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne ambaye hakulala usiku kwa zaidi ya wiki, na katika wiki hiyohiyo mume wangu, ambaye ni fundi mwashi, alirudi nyumbani akiwa kimya baada ya kumpeleka hospitalini kijana aliyekuwa akimsaidia kazi. Tangu hapo sipendi tena kusikia mtu akiambiwa avumilie joto.

Anayesoma kipimajoto peke yake hawezi kulielewa joto la pwani. Mchana wa Februari hapa Dar huwa na nyuzijoto kama 32 au 33, kiwango ambacho mkazi wa Muscat angeweza kukiona ni nafuu. Kinachotuumiza ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Hewa ikiwa imejaa unyevu wa bahari, jasho hutiririka mgongoni bila kukauka, nguo zikalowa, na mtu akapoteza maji na chumvi bila kupata nafuu yoyote. Hilo ndilo fukuto. Ndiyo maana upepo wa pangaboi una thamani kubwa kwetu, kwa kuwa hewa ya hapa kwa kawaida haifikii joto la ngozi ya binadamu, ambalo ni kama nyuzi 35, na kuipitisha juu ya jasho hulisaidia kukauka. Katika nchi ambako hewa hupanda kupita nyuzi 40, feni peke yake inaweza kumwongezea mtu joto badala ya kumpunguzia.

Lakini fukuto la mchana si baya sana iwapo usiku unatupa nafasi ya kupoa. Mwili unaokosa saa hizo huamka ukiwa bado umechoka, nao hukabiliana na joto la siku ya pili ukiwa dhaifu zaidi. Nyumba yetu ya Mbagala ilikuwa haitupi nafasi hiyo. Tuliijenga kwa matofali ya saruji, tukaiezeka mabati ya rangi ya kahawia iliyokolea kwa sababu yalitupendeza, tukaweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, kisha tukazungusha ukuta mrefu wa uzio. Kila uamuzi ulionekana kuwa wa maendeleo, na kila mmoja ulikuwa na gharama ambayo hatukuiona. Rangi iliyokolea hunyonya jua. Dirisha la kuteleza, hata likifunguliwa kikamilifu, huacha wazi nusu tu ya nafasi yake, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo katika nusu hiyo iliyobaki. Uzio ukazuia upepo uliosalia. Ukuta wa chumba chetu unaotazama magharibi, ambao hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, ulikuwa bado na uvuguvugu nilipouwekea kiganja saa tano za usiku.

Ninapolitafakari hilo, huwa ninazikumbuka nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba ambavyo jua huvifikia kwa muda mfupi tu, na nyumba ya udongo na makuti ya bibi yangu kule Bagamoyo, ambayo mtu akiingia saa saba mchana alihisi kama ameingia chini ya mwembe. Sisemi kwamba turudi kwenye makuti, ambayo yanashika moto kwa urahisi na yanahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Nasema kwamba waliojenga nyumba zile waliujua upepo unakotoka, wakajua pia kwamba baraza ni chumba kama vyumba vingine, na kwamba sisi tumeyaacha maarifa hayo pamoja na makuti, ilhali yangeweza kutumika vilevile kwenye nyumba ya tofali na bati.

Marekebisho tuliyoyafanya hayakuwa makubwa. Mume wangu alitoboa matundu ya hewa kwenye pembetatu za ukuta zilizo chini ya kenchi, pande zote mbili za nyumba, ili hewa ya moto iliyokuwa ikikwama kati ya bati na silingibodi ipate pa kutokea, akayawekea wavu ili popo wasiingie. Tulipaka bati rangi nyeupe. Majirani walishangaa, lakini paa ndilo linalopokea jua kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba katika latitudo hizi, na rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo juu lilikotoka. Upande wa magharibi tulijenga kibanda cha miti na kuotesha mpesheni utambae juu yake. Jiko la mkaa tulilihamishia uani moja kwa moja, jambo ambalo lilipaswa kufanyika hata kama kusingekuwa na joto, kwa sababu mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Nyumba sasa hupoa mapema zaidi, na hata umeme ukikatika tunaweza kulala, tofauti na ilivyokuwa wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ambapo feni ikizimika familia nzima ilihamia nje na mikeka.

Jambo hilo la kulala nje linanitia wasiwasi kuliko watu wengi wanavyodhani. Chandarua kinazuia upepo, na usiku wa joto mtu hukivua kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Hivyo familia inayokimbia fukuto hujipeleka kwa mbu, na mtoto anayeumwa malaria mwezi wa Machi huenda chanzo chake ni bati lililokuwa juu ya kitanda chake.

Kuhusu mwanangu, ilinilazimu kuzungumza na mama mkwe, nami nilifanya hivyo kwa heshima yote kwa kuwa amelea watoto saba na ananipenda. Alikuwa akimfunika mtoto kwa blanketi zito na kofia ya sufu akihofia nimonia, huku shingo na mapaja ya mtoto yakiwa yamejaa harara. Nilimwambia, "Mama, naomba tumguse mgongoni pamoja." Aliugusa, akauona ulivyo wa moto na wenye jasho, akalitoa blanketi mwenyewe. Alitaka pia tumpe maji ya kunywa, na hapo nilimwomba tumsikilize muuguzi wa kliniki, aliyetueleza kwamba mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hahitaji maji hata wakati wa joto kali, bali anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye anywe maji ya kutosha. Muuguzi huyohuyo alimuuliza mama mkwe kuhusu dawa zake za presha, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huongeza mkojo na kumfanya mzee apungukiwe maji haraka siku za joto. Hakumwambia aziache, jambo ambalo ni la hatari. Alimwambia amweleze daktari wake, naye akafanya hivyo.

Shuleni, muhula mpya huanza Januari, katikati ya joto. Nilipochunguza kwa nini watoto wengi hulalamika kuumwa kichwa kipindi cha saa saba, nilidhani tatizo ni ukosefu wa maji, na kweli wengi hawaleti chupa za maji. Lakini wasichana wawili walinieleza kwa sauti ya chini kwamba maji wanayo, ila hawayanywi ili wasilazimike kwenda chooni, kwa kuwa vyoo ni vichache, foleni ni ndefu, na milango mingine haifungi. Sikuwa nimewahi kuunganisha mambo hayo mawili. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia kampeni ya kuwahimiza wanafunzi kunywa maji, huuliza kwanza kuhusu vyoo, kwani mtoto anayeogopa choo hawezi kushawishika kwa tangazo.

Tulipeleka hoja hiyo kwenye kamati ya shule pamoja na nyingine ndogondogo. Milango minne ya vyoo ilitengenezwa. Masweta na tai viliondolewa kwenye sare kwa miezi ya Januari hadi Machi, na ninasikitika kwamba viliwahi kuwa lazima kwa mtoto wa Dar es Salaam. Hisabati ilihamishiwa vipindi viwili vya kwanza, kabla bati halijapata moto, na michezo ikasogezwa hadi jioni. Mwalimu mwenzangu alipendekeza kwamba siku zikizidi joto shule ifungwe, kama serikali ya Sudan Kusini ilivyofunga shule zake Machi 2024 ilipotarajia nyuzi 45. Kwa joto la kiwango kile nadhani walifanya sahihi. Kwa hapa kwetu ninapinga, kwa sababu watoto wetu wengi wangerudi kwenye vyumba vyenye joto kuliko darasa, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Mwaka huu Ramadhani nayo iliangukia Februari na Machi, hivyo watoto waliofunga tuliwaruhusu kukaa kivulini wakati wa mapumziko na kuwasamehe usafi wa uwanja.

Nirudi kwa yule kijana. Alikuwa ametoka Makete, nyanda za juu ambako asubuhi za Julai huwa na barafu kwenye majani, akaja Dar mwezi wa Januari kutafuta maisha. Siku yake ya tatu kazini walikuwa wakimwaga zege la dari, kazi ambayo haisimami ikishaanza, naye alikuwa akipandisha ndoo tangu asubuhi. Mnamo saa saba alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba, akaanguka. Baadhi ya watu walidhani amelewa. Mume wangu aliugusa mwili wake akakuta unawaka, na kwa bahati njema alijua la kufanya: walimbeba kivulini, wakamvua shati, wakammwagia maji mwili mzima huku wengine wakimpepea kwa vipande vya boksi, wakaweka vitambaa vya majimaji shingoni na makwapani, na hawakumnywesha kitu chochote kwa kuwa hakuwa na fahamu timamu na angeweza kupaliwa. Walifanya hayo huku wakitafuta gari. Joto la mwili linapopita nyuzi 40 na mtu akachanganyikiwa, kila dakika ina thamani, na kupozwa kunapaswa kuanza palepale badala ya kusubiri hospitali. Kijana alipona.

Wengi walisema, "Huyo ni mtu wa baridi, hajazoea." Ni kweli, lakini kuzoea ni jambo la mwili linalohitaji wiki moja hadi mbili za kuongezewa kazi kidogo kidogo, na anayemwajiri kibarua kutoka nyanda za juu anaweza kulipanga hilo bila kupoteza hata mfuko mmoja wa saruji. Dada yangu anayeishi Muscat aliniambia kwamba Oman hupiga marufuku kazi za juani kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Agosti, kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Mume wangu na mafundi wenzake hawakusubiri sheria. Siku hizi huanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, hupumzika saa sita hadi saa tisa, na zege humwagwa alfajiri. Kwenye kila eneo la kazi kuna dumu la maji safi, na kwa anayetoka jasho sana kuna mchanganyiko wa lita 1 ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kujaa kilima. Mwenye nyumba mmoja alilalamika kwamba anacheleweshewa kazi. Walimweleza, akakubali.

Darasa langu bado halina dari. Fedha iliyokusanywa na wazazi haijatosha, na tumekubaliana kwamba ikitimia tuanze na matundu ya hewa na rangi nyeupe ya bati, ambavyo ni rahisi kuliko silingibodi. Kwa sasa miche sita, minne ya mkungu na miwili ya mwarobaini, iko kwenye viroba nyuma ya nyumba yetu, na wanafunzi wa darasa la sita wameshapima sehemu za kuipanda upande wa magharibi wa jengo, mvua za masika zitakapokolea.