Bahasha ya 4x1

Nilikuwa zamu ya jioni kwenye famasi moja Ngamiani, Tanga. Bibi mmoja akafika kaunta, mdomo kauziba kwa upindo wa khanga, hela tayari mkononi. Alitaka Septrini na ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni. Nyuma yake watu wamejipanga, na mwenye duka foleni haipendi.

"Shikamoo bibi. Mdomo umeanza lini?"

"Marahaba. Juzijuzi tu, mwanangu. Hata uji haupiti."

Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Akasema hapana, labda hizi za miguu. Wengi hujibu hivyo: dawa wakishaizoea, hawaihesabu tena. Kwa bahati alikuwa nazo kwenye pochi. Bahasha ya duka jingine, imeandikwa kwa kalamu: methotrexate 2.5 mg, 4x1. Ndani vidonge vidogo vya njano, vimebaki vichache.

Mtu yeyote wa huku ukimwandikia 2x3 anajua ni vidonge viwili mara tatu kwa siku. Lakini methotrexate ya baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki. Aliyeandika bila shaka alikuwa na wiki kichwani, ila kwenye bahasha hakuiweka. Bibi, kwa utiifu wote, akawa anameza vinne kila asubuhi. Ikizidi, dawa hii hudhoofisha uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, chembe za damu zinapungua, na vidonda vya mdomoni mara nyingi ndivyo vya kwanza kujitokeza. Septrini aliyoifuata ingemharibia zaidi, maana nayo, kama methotrexate, huzuia kazi ya foliki asidi, vitamini ambayo mwili huitumia kutengeneza damu.

Sikumuuzia kitu. Nikampigia binti yake kwa simu ya bibi mwenyewe, na wakati tunamsubiri nikaandika barua kwa daktari: jina la dawa, kipimo, ameinywa kila siku, tafadhali apimwe damu na figo leo hii. Bahasha nikaifunga pamoja na barua. Watu wa foleni wawili walishaondoka, na mwenye duka akaniangalia kwa jicho ambalo nalijua.

Walimlaza. Akachomwa sindano za asidi ya foliniki, dawa ya kupinga sumu ya methotrexate, akaongezewa damu.

Pale dukani methotrexate tuliihamisha. Ilikaa rafu moja na metformini, dawa ya kisukari inayomezwa kila siku, boksi kwa boksi, mahali pabaya kabisa kwa mtu mwenye haraka. Ikawekewa droo yake, hatutoi zaidi ya za wiki nne, na bahasha lazima iandikwe siku kwa jina, mgonjwa aisome kwa sauti kabla hajalipa. Mwenye duka alilalamikia hilo la kusoma kwa sauti, eti linachelewesha. Tukabishana, likabaki.

Daktari alipomrudishia dawa miezi kadhaa baadaye, bibi alikuja kwangu na cheti. Nikaanza kuandika Ijumaa.

"Ijumaa nina shughuli zangu," akasema. "Weka Jumatano."