Siku Moja Maishani Mwangu: Mpimaji wa Mishipa ya Damu

Saa moja asubuhi nawasha mashine na kusoma orodha. Hadi saa nne ni miguu tu: iliyovimba, ya wenye kisukari, ya walioganda damu. Nikimwambia mtu napima kwa altrasaundi, hujibu, "Aa, ya wajawazito." Siku hizi naitikia tu.

Saa nne na nusu anaingia kaka aliyevunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, miezi kadhaa iliyopita. Hata hajakaa, ananung'unika: mfupa umeshaunga, eksirei imeonyesha, huku kaletwa kufanya nini? "Dada, dakika tano zinatosha?"

Hazitoshi. Napima presha mikono yote miwili: kulia 128, kushoto 96. Narudia, vilevile. Vidole vya kushoto vya baridi, kimoja kina doa jeusi nchani. Eti alijibana mlangoni.

Ateri inayopeleka damu mkononi na vena inayoirudisha hupita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, upenyo finyu kwelikweli. Mfupa ukiunga upande, au ukiota kinundu kikubwa pale ulipounga, mishipa hubanwa. Ncha yake nayo huweza kuusugua ukuta wa ateri taratibu, madhara yakazuka miezi au hata miaka baadaye, ajali imeshasahaulika. Vena ikibanwa, mkono huvimba. Ateri ikiumia, mkono hupoa na kuchoka upesi.

Sasa, mawimbi ya altrasaundi hayapenyi mfupa. Mtulinga unatupa kivuli palepale ninapotaka kuona. Napitia juu, napitia chini. Inua mkono. Shusha. Geuza shingo. Tulia, usipumue. Bega langu linawaka, jeli imenifika kwenye kiwiko, na simu yake inaita. Anataka kupokea!

"Kaka, zima hiyo simu."

Ndipo nauona: mfuko ubavuni mwa ateri, damu inaingia na kutoka kwa tundu lileile, nyekundu na bluu, rangi za mashine za kuonyesha damu inaelekea wapi, zikizunguka kwenye skrini. Ndani yake kuna damu iliyoganda. Vipande vyake ndivyo vinavyokwenda kuziba vidoleni, mlango hauhusiki.

Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari. Nampigia bingwa wa mishipa, kisha namwambia kaka asiende popote, anasubiriwa kwenye CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Hilo nalo tunabishana, sijui kwa muda gani. Foleni nje imenuna, chakula cha mchana kimenipita, kuna miguu mingine, halafu mingine.

Jioni bingwa anapiga. CT imeuonyesha mfuko uleule, mgonjwa analazwa usiku huu. Anataka vipimo vyangu vya shingo ya mfuko, pale unapoungana na ateri. Viko ukurasa wa kwanza wa ripoti.