Kiendeshi Kipo, Fimuwea Haipo

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba, nikaiwekea Debian 11, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na usakinishaji ulipokwisha nikakuta orodha ya mitandao ya Wi-Fi ni tupu. Mashine yenyewe ni nyembamba mno, haina hata tundu la waya wa mtandao. Kwa siku mbili niliamini kwamba kiendeshi cha kadi ya Wi-Fi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo, hakipo, nikasakinisha mfumo upya mara tatu, na hali ikabaki ileile.

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, tangu mwanzo. Nilipoandika sudo dmesg | grep -i firmware, amri ya kuchuja kumbukumbu hizo, ulitokea mstari wenye maneno failed to load, jina la faili moja, na mwishoni namba -2. Namba hiyo ndiyo iliyonifumbua macho, kwa kuwa katika mifumo ya jamii ya Unix kosa namba 2 humaanisha kwamba faili linalotafutwa halipo. Kumbe kiendeshi kilikuwepo, kilikuwa kimeshaitambua kadi, na kilichokosekana ni fimuwea, yaani programu ya kadi yenyewe.

Hivi viwili havifai kuchanganywa. Kiendeshi ni sehemu ya keneli na huendeshwa na prosesa ya kompyuta, ilhali fimuwea huendeshwa na prosesa ndogo iliyomo ndani ya kadi. Na kwa kuwa kadi nyingi za Wi-Fi hazina hifadhi ya kudumu ya kuiweka, kiendeshi huisoma kutoka /lib/firmware na kuipakia kwenye kadi kila mashine inapowashwa. Watengenezaji wengi huitoa bila msimbo chanzo, na ndiyo maana Debian, iliyojifunga kwa programu huru, yaani zile ambazo msimbo chanzo wake uko wazi, haikuiweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji. Msimamo huo nauheshimu, lakini ulimwacha mtu asiye na mtandao akitakiwa kupakua mtandaoni kitu kilekile cha kumpatia mtandao.

Simu ya Android ndiyo iliyonitoa. Niliichomeka kwa waya wa USB, nikawasha ushirikishaji wa intaneti, na amri ya ip link ikaonyesha kiunganishi kipya, enp0s20u2, kinachotumia rndis_host, moduli (kipande cha keneli kinachofanya kazi ya kiendeshi) ambayo tayari imo ndani ya keneli na haihitaji fimuwea yoyote. Nikaongeza contrib non-free, sehemu za hazina ya Debian zenye programu zisizo huru au zinazozitegemea, kwenye /etc/apt/sources.list, faili linaloorodhesha vyanzo vya programu, nikasakinisha kifurushi cha kadi yangu kwa bando dogo tu, nikaondoa moduli ya Wi-Fi na kuirudisha kwa amri ya modprobe. Orodha ya mitandao ikajaa.

Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu fimuwea ndani ya diski rasmi, na Debian 12 ikatoka nayo Juni 2023. Naamini waliamua sawasawa. Ila anayepandisha mfumo kutoka toleo la 11 aongeze neno non-free-firmware kwenye sources.list, kwani vifurushi vya fimuwea vimehamishiwa kwenye sehemu yenye jina hilo, na bila neno hilo fimuwea yake itabaki ya zamani.