Gurudumu, udongo na daftari la makadirio: Jumamosi zetu Nkuhungu

Julai, mwanzo

Mpango ulikuwa mwepesi kwenye karatasi. Kila Jumamosi saa nne hadi saa sita, ufinyanzi wa gurudumu. Chai. Kisha saa nzima ya saikolojia ya maisha ya kila siku. Madarasa mawili ya hiari kwa vijana wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, nyuma ya nyumba yangu hapa Nkuhungu, chini ya mwarobaini. Walijiandikisha tisa.

Ufinyanzi haukuwapa wazazi shida, ila baba mmoja aliuliza kama mwanawe wa kiume atafundishwa "kazi ya bibi zake". Neno saikolojia ndilo lililowatisha. Mama mmoja alinivuta pembeni: "Mwalimu, huyu mwanangu umemwona ana nini?" Hapa Dodoma ukigusia habari za akili tu, mtu anasikia Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na jina hilo limekuwa la utani na la kutishia watoto toka mimi nasoma. Nilimweleza kwamba sitibu mtu. Mwenye shida ya kweli nitamwelekeza kwa wanaotibu. Tutakachofanya ni kuangalia kwa nini watu wazima kabisa tunasahau, tunakosea kukadiria, tunababaika tukitazamwa.

Vijana nao walikuja na yao: "Madam, utatufundisha kumsoma mtu akili?" Hapana. Nusu yao walinuna mpaka chai ilipokuja.

Julai mpaka Agosti: gurudumu

Gurudumu la umeme la kununua sikuliweza. Nikaamua la kukanyaga kwa mguu: rimu ya gari iliyojazwa zege chini, shafti ya chuma katikati, beringi mbili za chakavu, sahani ya chuma juu. Uzito wa chini ndio moyo wa chombo chenyewe. Ukishalisukuma mara chache, linaendelea kuzunguka lenyewe huku mikono yako ikiwa huru.

Nikaandika kwenye daftari: siku 10.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mtu mwema sana na kila siku alikuwa na kesho yake. "Kesho, dada." Kesho umeme umekatika. Kesho amepata kazi ya mageti. Siku ya 19 akaleta kitu kinachozunguka, ila sahani ya juu ilikuwa imelala upande kwa milimita chache. Ukiliangalia kwa macho huoni, ukiweka donge la udongo linakupiga makofi viganjani kila mzunguko. Likarudi. Shafti ikakatwa, ikachomelewa upya, ikapimwa kwa chaki: unashika chaki karibu na ukingo huku sahani inazunguka, mahali inapogusa ndipo palipotokeza. Likaja likiwa sawa siku ya 41.

Siku kumi. Arobaini na moja.

Kwa Jumamosi zile ambazo hatukuwa na gurudumu tulifanya saikolojia tupu, na nilikuwa nimepanga kuanza na kumbukumbu. Lakini kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenye maneno mengi kuliko umri wake, aliniuliza mbele ya wenzake, "Madam, kwani ulipoandika kumi ulikuwa unafikiria nini?" Nikaona somo la siku limeshapatikana.

Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliipa jina tabia hii ya binadamu kudhani kazi yake itaisha mapema kuliko inavyoisha, hata kama kazi za namna hiyo zimemchelewesha mara zote zilizopita. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wawili wakaipima kwa wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao. Wanafunzi walikadiria kwa wastani siku 34. Wakaombwa waseme pia itakuwa siku ngapi mambo yakienda vibaya kabisa, wakasema karibu 49. Zilikwenda zaidi ya 55. Maana yake hata yule aliyejitahidi kuwa na wasiwasi hakuwa na wasiwasi wa kutosha.

Kisa chake ni hiki: tukikadiria, tunaangalia mpango tulionao kichwani, hatua kwa hatua, na katika mpango umeme haukatiki. Hatuangalii nyuma. Na kuna jambo jingine waliloliona, ambalo vijana walilipenda sana: anayekadiria kazi ya mwenzake hana ugonjwa huu. Yeye huelekea kuongeza siku, si kupunguza.

Daftari likabadilika jina hapo hapo. Likaitwa daftari la makadirio, likafungwa kamba likaning'inizwa kwenye mwarobaini.

Agosti: udongo

Hapa nilikosea kijinga. Niliona udongo mweusi wa mbuga, laini, unanata, nikasema huu ndio. Tukachota ndoo nne. Tukatengeneza vibao vidogo, tukachora kila kimoja mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi. Vilipokauka mstari ulikuwa sentimita 8.6 na vibao vimepasuka kama kisigino cha kiangazi. Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa kupita kiasi. Ndiyo maana nyumba zilizojengwa juu yake zinapata nyufa.

Udongo uliotufaa tuliupata kwenye ukingo wa korongo moja upande wa Mkonze, rangi ya kahawia. Kipimo chake hakihitaji maabara: sokota kamba nene kama kidole, izungushe kwenye kidole chako. Ikipasuka, tafuta kwingine. Wetu ulizunguka bila ufa, na mstari wa sentimita 10 ulibaki 9.3. Tukautwanga mkavu, tukauloweka, tukauchuja kwa kipande cha chandarua kuukuu, tukaumwaga juu ya shuka upungue maji. Kwa upepo wa Dodoma wa Agosti hilo halichukui muda. Ukigeuka kujibu simu umekuwa mgumu.

Upepo huo huo ndio adui yetu mkubwa hadi leo. Mdomo wa chombo ni mwembamba, unakauka kwanza na kusinyaa. Kitako kizito bado kibichi, kinakataa kusinyaa. Katikati yao ndipo ufa unapotokea. Tulipoteza vikombe sita wiki ya kwanza kabla hatujajifunza kuvifunika kwa mfuko wa nailoni usiku kucha, kisha kuvigeuza kichwa chini. Sasa mimi nakunywa chai kwenye kikombe chenye ufa. Mfinyanzi hulia gaeni, ila sikudhani nitafika gaeni mapema hivyo.

Agosti mwisho mpaka Septemba: "limetulia"

Hatua ngumu kuliko zote kwenye gurudumu ni ile ya mwanzo: kulifanya donge likae katikati kabisa, lisiyumbe. Vijana walilipa jina lao, wanasema donge "limetulia". Viwiko unavibana mapajani, mikono haifuati donge, donge ndilo linalotakiwa kufuata mikono. Wengi hubana pumzi bila kujua, wakija kupumua donge linaruka.

Kabla ya kukaa, kila mmoja aliandika daftarini: nitaharibu madonge mangapi mpaka moja litulie? Na jirani yake akaandika makadirio yake pembeni. Msichana wa kidato cha kwanza aliandika 3, rafiki yake akamwandikia 10, wakanuniana kidogo. Alifika la 14. Kati ya tisa, jirani alikuwa karibu zaidi na ukweli kwa saba. Si utafiti, ni watoto tisa na ndoo za udongo, ila walicheka mpaka wakakubali.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. Yule mwenye maneno mengi alifika mapema Jumamosi moja, akakaa peke yake, donge lake la pili likatulia. Wenzake walipofika wakamzunguka, "Fanya tena tuone." Akaharibu matano mfululizo. Akasema gurudumu limeharibika.

Nikawaeleza habari za mende. Robert Zajonc aliandika mwaka 1965 kwamba kutazamwa kunamsaidia mtu kwenye jambo alilolizoea na kunamvuruga kwenye jambo ambalo bado analishika. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakatumia mende: mende akimbie kutoka kwenye mwanga kwenda gizani, huku mende wengine wakimtazama kutoka kwenye vyumba vyao vya pembeni. Njia ikiwa moja kwa moja, mende aliyetazamwa alikimbia haraka zaidi. Njia ikiwa na kona za kuchagua, alichelewa. Mende! Hakuna aliyesikiliza kitu kingine siku ile.

Wiki iliyofuata walikuja na khanga mbili na kamba ya kuanikia, wakazungushia gurudumu pazia. Sheria ni yao: anayejifunza hatua mpya anafungiwa pazia, aliyeizoea analifungua. Tangu hapo siwezi tena kusema ni saa ngapi ufinyanzi unaisha na saikolojia inaanza, na sijaribu kuigawa.

Oktoba: moto

Tanuru hatukuwa nalo. Jirani yangu akaniletea mama mmoja mzee, Mgogo, mfinyanzi wa mkono tangu usichana wake. Alipokuja vijana walimwamkia shikamoo, yeye akawajibu kisha akawafundisha "mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Alilitazama gurudumu likizunguka kwa muda mrefu. Yeye hufinyanga chungu juu ya kigae, na kigae ndicho anachokigeuza taratibu kwa mkono. "Hili lenu lina haraka, mwanangu," aliniambia. Kisha akakibonyeza kikombe chetu kikavu kwa kucha, akakiweka karibu na shavu kusikia kama bado kina ubaridi wa maji, akauliza, "Mchanga uko wapi?"

Hakukuwa na mchanga. Tulikuwa tumeuchuja wote, maana kwenye gurudumu chembe kubwa zinachubua ngozi ya viganja.

Tulikuwa na vyombo 26. Daftarini mimi niliandika vitapona 22. Wastani wa vijana ulikuwa 19. Mama akaulizwa, akasema andikeni kumi na kidogo, kisha akaenda kukagua samadi kavu.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Vyombo vilizungushwa pembeni mwa makaa kwanza, vikigeuzwa, mpaka vikabadilika rangi, ili maji yaliyobaki yatoke polepole. Yakifika nyuzi 100 yangali ndani, yanageuka mvuke na kuta zinapasuka. Halafu vikapangwa juu ya vigae, samadi juu yake, pumba za mpunga kutoka Bahi zikamwagwa mwisho zishike moto taratibu. Dakika ya ishirini tukasikia mlio wa kwanza. Paa! Mama hakugeuka. Wa pili, wa tatu. Msichana wa madonge 14 alikuwa anahesabu kwa vidole.

Vilitoka 12. Vya mama, vitatu alivyokuja navyo, vyote vizima.

Alitufafanulia bila kutusimanga. Moto wa wazi unapanda ghafla na upande mmoja unawaka kuliko mwingine. Udongo wenye mchanga au vigae vilivyosagwa una nafasi za kupumulia na kunyooka. Udongo wetu mlaini hauna pa kwenda. Kwa hiyo tuna njia mbili, na tunazifanya zote: tunasaga vyombo vilivyopasuka, tunavichekecha kwa chekeche la unga ili chembe zisichubue sana, tunachanganya sehemu moja kwa tisa za udongo. Na tunajenga tanuru la matofali, ambalo moto wake unaweza kupandishwa kidogo kidogo.

Novemba

Kidato cha pili wako kwenye mtihani, Jumamosi ni ya watu watano tu. Tumefyatua matofali 180, yanahitajika zaidi ya hayo, na mawingu yameanza kuonekana mchana.

Nilipofungua daftari kuandika makadirio ya tanuru, yule mwenye maneno mengi, ambaye alikuwa amepita tu kuchukua kikombe chake baada ya mtihani wa hisabati, aliniomba kalamu. Kwanza akarudi nyuma kurasa tatu. Akanakili: gurudumu, siku 10, zikawa 41. Vyombo, 22, vikawa 12. Akauliza mvua za huku huisha lini, nikamwambia kwenye Aprili. Akauliza kama matofali mabichi yanaweza kulala nje, nikamwambia hapana.

Akaandika: tanuru, tarehe 2 Mei. Mimi moyoni nilikuwa na Januari.

Nikamwachia aandike yeye.