Kilwa Kisiwani kwa wikiendi moja, ratiba tumeipanga na maji

Watu wakiniuliza kuhusu Kilwa wanaanza na nauli, alafu gesti, alafu chakula. Maji ya bahari hakuna anayeuliza, wakati hayo ndo yanaamua siku yako itakuwaje. Magofu ya mji wa kale wa Kilwa yapo kisiwani, kisiwa hakina daraja, na boti haiingii popote saa yoyote unayotaka wewe.

Tulienda mwezi wa tisa, mimi, dada yangu na mume wake, na binamu yetu anayefundisha historia sekondari. Huyu binamu ndo aliyeshikilia kwamba tusiende kienyeji, tutafute mtembeza wageni mzaliwa wa kisiwani na tuongee naye mapema kabla hata ya kukata tiketi. Akapatikana mzee mmoja, tukampigia. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, nikadhani tutaanza kuongelea bei, yeye akauliza kwanza, "Mnataka kuja mwezi una siku ngapi?"

Nikamwambia tunafikiria karibu na mbalamwezi, usiku kutakuwa kuzuri. Akakataa pale pale. "Hilo ni bamvua mwanangu. Asubuhi mtakuta maji yametoka yote, boti itakaa mbali na mtapiga matope. Njooni na maji mafu."

Wa bara naomba mnielewe hapa maana ndo moyo wa safari nzima. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, na kwa pwani yetu yanajaa kuelekea alfajiri na tena jioni, kwa hiyo saa nne asubuhi, saa ambayo mgeni ndo anataka kushuka, pwani ni matope na mawe. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na yanajaa saa nne saa tano asubuhi. Sasa ukitoka Kilwa Masoko, mji wa bara unaovukia kwenda kisiwani, mapema unavuka na maji yanayopanda, nahodha anakupeleka unakotaka. Tukasogeza safari wiki moja, shemeji akabadilisha ruhusa kazini, basi.

Kutoka Dar tulipandia Mbagala Rangi Tatu asubuhi, barabara ni lami, unapita Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, mpaka Nangurukuru. Kama basi lako linakwenda Lindi au Mtwara unashuka hapo Nangurukuru na kuchukua gari ndogo mpaka Kilwa Masoko. Masika usiende, mvua zikizidi kipande cha Somanga kinasumbua, mwaka 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika kabisa watu wakakwama njiani. Vibali vya kuingia kisiwani vinakatwa Masoko kabla ya kuvuka, sisi tulikata jioni ile ile tuliyofika ili asubuhi tusisubiri mtu ofisini. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho.

Jambo la pili tuliloongea na mzee kwenye simu ni mpangilio. Wageni karibu wote wanashushwa Gereza, ile ngome ya zamani, kwa sababu boti za kawaida zinafikia pale, wanazunguka msikiti mkuu na maeneo ya jirani, na Husuni Kubwa, kasri la sultani, inabaki mwisho, iko zaidi ya kilomita moja upande wa mashariki, jua la saa sita limeshawapiga na maji ya kunywa yameisha. Wanafika, picha mbili, wanarudi. Binamu akaomba tuanze na Husuni Kubwa, na mzee alifurahi kweli, akasema maji mafu yanaruhusu, tutashukia chini yake.

Na mimi sasa nasema kila anayeandaa safari ya Kilwa afanye hivyo, nitaeleza kwa nini.

Husuni Kubwa imekaa juu ya jabali linaloangalia bahari. Ukitokea pwani unapanda kama walivyopanda wafanyabiashara waliokuja kumwona Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndo aliyelijenga kasri hili mwanzoni mwa karne ya 14. Vyumba zaidi ya 100, nyua moja baada ya nyingine, na lile birika la kuogea lenye pembe nane, limechongwa kwa ustadi mpaka dada yangu alikaa ukingoni hakutaka kuondoka. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Yaani bahari ndo ilitoa tofali na ikatoa na saruji. Mzee alitusimamisha tukatazama mkondo ulivyo mpana na mtulivu, akasema, "Hapa jahazi lolote linaloingia bwana mkubwa analiona kabla halijatia nanga." Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyu, akauandika mji huu miongoni mwa miji mizuri kupita yote na wenye mpangilio mzuri, na akasifia ukarimu wa sultani mwenyewe, walimwita Abul Mawahib, baba wa zawadi.

Hela zilitoka wapi? Dhahabu. Ilikuwa inatoka bara huko Zimbabwe, inashuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, inapandishwa mpaka Kilwa. Kwenye magofu ya Great Zimbabwe imeokotwa sarafu yenye jina la huyu huyu al-Hasan. Binamu akatuambia sarafu za shaba za Kilwa maneno ya upande mmoja yanapatana vina na maneno ya upande wa pili, hilo nilikuwa silijui na lilinigusa sana, watu wa pwani wanatia vina hata kwenye pesa!

Kutoka pale tukatembea kwa miguu kuelekea msikiti mkuu, njia inapita mibuyu na mashamba ya watu. Na sababu ya kuanza Husuni inaonekana hapa. Msikiti una sehemu mbili, ile ndogo ya kaskazini ambayo ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11, na upanuzi mkubwa wa kusini wenye makuba na matao ambao aliuanzisha huyo huyo al-Hasan, baadaye ukabomoka ukajengwa tena karne ya 15. Ukiwa umetoka kwenye kasri lake unaitambua mikono ile ile, hakuna haja ya mtu kukukaririsha majina. Simama katikati ya nguzo utazame juu. Mimi nilizaliwa nchi hii, nimesoma shule za nchi hii, na hakuna aliyewahi kunionyesha hata picha ya dari lile.

Msikiti mdogo wa makuba haupo mbali, ndani ya makuba kulikuwa kumepachikwa bakuli za kung'aa kutoka ng'ambo. Makutani tulipita haraka, ni kuta kubwa za karne ya 18, nzuri lakini tulishachoka.

Tukamalizia Gereza, na kwa mpangilio huu historia inafika kwenye maumivu yake kwa zamu yake. Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, alikuja mwaka 1502 akalazimisha kodi ya dhahabu, na mwaka 1505 Wareno wakaja na jeshi la kamanda wao Almeida, wakaupora mji, wakajenga ngome. Jengo unaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani. Dhahabu ile ya kodi ilifuliwa kuwa chombo cha ibada cha Belém, kimekamilika 1506 na kipo makumbusho ya Lisbon mpaka leo. Watu wa Lisbon wanaweza kwenda kukitazama Jumapili, mtoto wa Kilwa hajawahi kukiona. Binamu alikaa kimya muda mrefu pale mlangoni.

UNESCO iliiandikisha Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu pia, mwaka 1981, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Kwa hiyo jamani usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Na kisiwa kina wenyeji wanaoishi, salimia, vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kama unanunua samaki au pweza nunua kwao.

Mtembezaji mlipe vizuri, usivutane naye bei mpaka umchoshe, anachokijua kuhusu maji na njia hutakipata kwenye intaneti.

Songo Mnara hatukwenda, tuliiacha kwa makusudi maana ukiunganisha vyote siku moja utaona nusu nusu, na kule mlango wa mikoko unataka maji yamejaa. Tumeshaongea na mzee, tunarudi na wazazi baada ya masika, amesema tumpigie mwezi ukiandama atupe tarehe.