Njumu 462 na uwanja ulioganda

Jumamosi ya tarehe 19 Novemba 1960, mchezo wa mwisho wa msimu, tuliamka tukakuta uwanja si ule tuliouacha. Ijumaa ulikuwa tope. Mvua ilinyesha kutwa, nasi tulishinda stoo tukifunga njumu, yale meno ya chini ya viatu vya mchezo, zile ndefu za inchi 3/4. Usiku baridi ikaingia, na asubuhi tope lile lile lilikuwa gumu kama saruji.

Nilifika Marekani Septemba 1959, kwa zile safari za wanafunzi alizozipanga Tom Mboya, na katika chuo kidogo cha kaskazini nikapewa kazi ya kunisaidia karo: stoo ya vifaa vya timu ya futiboli ya Kimarekani. Daluga nilizijua tangu Mombasa. Hizi zilikuwa na mambo yake.

Kila kiatu kilikuwa na njumu 7, tano mbele na mbili kisiginoni. Kwa wachezaji 33, hizo ni njumu 462. Siku hizo skrubu ilichomoza kwenye soli yenyewe, kijiti cha chuma, na njumu ya nailoni ikazungushwa juu yake kama nati. Ukiifunga ikiwa na chembe ya udongo ndani, nyuzi za skrubu hupandana: spana inagoma, unadhani imekaza, kumbe imeshika mizunguko miwili tu. Ikichomoka uwanjani kinabaki chuma kitupu, na chuma hicho huchana mguu wa mtu. Kwa hiyo unaanza na brashi ya waya, kisha kitambaa kikavu, kisha vaselini kidogo mno, maana ikizidi njumu hujifungua yenyewe. Halafu unazungusha kwa vidole mara tatu kabla ya kushika spana. Vidole vinajua nyuzi zikipandana. Spana haijui.

Njumu ndefu haizami katika ardhi iliyoganda. Mchezaji husimama juu ya vijiti, kifundo kikayumba, na akigeuka ghafla yuko chini. Kinachoshika barafu ni kitu kifupi na kipana, au soli ya mpira. Mzee aliyesimamia stoo alitukumbusha fainali ya weledi ya 1934 kule New York: Giants waliazima viatu vya mpira wa kikapu vya Manhattan College, wakafunga pointi 27 katika robo ya mwisho na kuwalaza Chicago Bears 30–13. Kila mtu wa stoo aliijua habari hiyo, na wengi waliishia hapo: baridi ikija, leta viatu vya mpira. Mzee hakuishia hapo. Alichukua bisibisi, akazunguka uwanja mzima akichoma ardhi kila yadi 10, nami nyuma yake nikiandika.

Upande wa kusini, kivulini mwa jukwaa, bisibisi haikuingia hata kidogo. Upande wa kaskazini, unaopigwa na jua, iliingia kama robo inchi, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Akasema kufikia saa nane mchana upande ule utakuwa na utelezi mwembamba juu ya barafu. Hapo soli ya mpira ni mtego mbaya kuliko njumu ndefu.

Basi akagawa kazi. Wakimbiaji waanze na viatu vya mpira wa kikapu. Wale wa mstari wa mbele, wanaosukumana, wavae daluga zenye njumu za nusu inchi, tena zile zilizolika, kwa sababu ncha iliyolika ni pana. Alikuwa na kopo zima la njumu kuukuu ambazo wengine wangezitupa. Baada ya mapumziko, wote wahamie kwenye hizo. Daluga za mazoezi jozi 19 tayari zilikuwa na njumu fupi. Zikabaki jozi 14, yaani njumu 196 za kufungua na kufunga, watu wawili, hadi saa sita.

Mipira nayo inataka akili. Ukiujaza mpira hewa ya ratili 13 kwa inchi ya mraba ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 21, ukiutoa kwenye nyuzi moja chini ya sifuri hushuka hadi karibu 11, ukawa mzito kuupiga.

Hadi mapumziko tulikuwa nyuma 7–0, lakini wakimbiaji wetu walikuwa wamesimama imara. Robo ya tatu, mlinzi wetu wa kushoto akapoteza njumu ya kisigino. Refa akaona chuma, akamtoa. Tangu 1953 sheria ilikuwa imebana mabadiliko ya wachezaji. Karibu watu wale wale walishambulia na kuzuia, na kila kuingia kulihesabiwa. Njumu ile niliifunga mimi, saa sita kasorobo, kwa haraka, bila kutanguliza vidole. Uzi wa kwanza wa kijiti ulikuwa umelala. Tuliusafisha kwa tupa ya pembe tatu, tukafunga mpya, akarudi. Nafasi moja ya kuingia ilikuwa imeliwa bure.

Robo ya mwisho tukavuka mstari wa goli na mpira, pointi sita: 7–6. Milingoti ilikuwa imepanuliwa mwaka uliotangulia, kutoka futi 18 na inchi 6 hadi futi 23 na inchi 4, na teke la nyongeza kati yake, la pointi moja, lingetupa sare. Lakini mpigaji hutegemea mguu unaosimama, na pale mahali pa kusimama palikuwa barafu tupu. Kocha akachagua pointi mbili, sheria ya tangu 1958: kuuvusha mpira mstari tena kutoka yadi 3, kwa kukimbia. Mkimbiaji akakata kuelekea upande wa jua, ambako njumu zilizolika zilipata pa kuuma. 8–7.

Jioni tuliosha viatu kwa maji baridi, tukavijaza magazeti, tukavipanga mbali na hita, kwani joto hupasua ngozi na kupinda soli. Magazeti yalikuwa ya wiki ya uchaguzi, na uso wa Kennedy uliingia katika daluga nyingi usiku ule. Kiatu cha mlinzi wa kushoto Mzee alikiweka kando. Akafungua njumu zote saba, akazitia mkononi mwangu, akazima taa ya meza.

“Sasa zifunge, kijana.”